Mvinyo Mweupe kwa Chajio chenye Pilipili: Mwongozo Kamili wa Msimu wa Joto Mtwara na Lindi

Kila kaskazi inapoanza kuvuma na usiku ukawa wa jasho, naletewa malalamiko yaleyale. Mmoja anasema mvinyo wake uligeuka mchungu mara tu kamba walipoingia mezani. Mwingine anadai pilipili aliyoitia kama siku zote iliwachoma wageni mpaka wakaomba maji, na wa tatu anaapa kwamba alinunua chupa ya bei kubwa ikaishia kuwa na ladha ya maji yaliyokamuliwa ndimu. Wote watatu huhitimisha kwamba mvinyo mweupe haupatani na chakula cha Pwani, jambo ambalo si kweli.

Maelekezo mengi humtaka mtu apike kwanza, kisha akachague chupa inayofaa katika rafu iliyojaa. Mkazi wa Mtwara au Lindi hana rafu ya namna hiyo. Mara nyingi duka lina aina mbili au tatu za mvinyo mweupe, na hakuna ya nne. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unageuza utaratibu: chupa hutangulia, na sufuria hurekebishwa iifuate, kwa kuwa ndimu, chumvi na nazi zipo kila genge, ilhali chupa nyingine haipo.

Mlo wa mfano ni kamba na ngisi katika tui jepesi lenye pilipili, kachumbari ya embe bichi na wali mweupe kidogo, kwa watu wazima wanne.

## Mahitaji

Kwa upande wa kinywaji:

- Chupa 1 ya mvinyo mweupe ya mililita 750. Inatoa glasi 5 za mililita 150, kiasi kinachotosha watu wanne kwa mlo mwepesi.
- Kizibuo, ikiwa chupa ina kizibo cha koki. Kagua hili dukani, si saa mbili usiku.
- Ndoo au deli, barafu kilo 3 hivi, na konzi mbili za chumvi ya mawe.
- Glasi za kioo zilizosuuzwa vizuri. Harufu ya sabuni ikibaki ndani ya glasi, hakuna mvinyo utakaoishinda.
- Madafu, au maji ya ukwaju yasiyo na sukari nyingi, kwa wageni wasiotumia kilevi. Katika miji yetu hao huwa wengi, na ni utovu wa adabu kuwawekea soda moja ya moto huku wengine wakihudumiwa kwa barafu. Yahesabu pia kwa mjamzito, kwa aliye kwenye dawa na kwa atakayeendesha gari au bodaboda kurudi nyumbani.

Kwa upande wa chakula:

- Kamba nusu kilo na ngisi nusu kilo.
- Nazi 1 kubwa, ikunwe na kukamuliwa: kikombe 1 cha tui zito na vikombe 2 vya tui la pili.
- Ndimu 5, embe bichi 1, kitunguu maji 2, kitunguu saumu punje 3, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kotmiri fungu 1.
- Pilipili mbuzi 1 na pilipili kichaa 6.
- Manjano nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula, chumvi.
- Mchele vikombe 2.
- Korosho zilizobanguliwa, vikonzi viwili. Anayeishi Mtwara akakosa korosho ndani ya nyumba ana jambo la kujieleza.

## Hatua ya 1: Chagua chupa kwa kusoma namba, si picha

Geuza chupa utafute asilimia ya kilevi. Namba hiyo ndogo iliyo pembeni ina faida kwako kuliko picha ya shamba la mizabibu iliyochorwa mbele. Kwa mlo wenye pilipili, tafuta asilimia 12.5 au chini yake. Asilimia 13 inavumilika. Ikifika 14, irudishe rafuni.

Sababu ni kwamba kilevi huamsha kinywani kipokezi kilekile cha joto kinachoamshwa na kapsaisini, yaani kile kiini kinachoifanya pilipili iwashe. Vikikutana, ukali huongezeka, na mnywaji akiongeza funda ili apoe ndipo anapozidi kuwaka. Niliwahi kuwapikia wageni Mikindani pweza wa pilipili, nikawafungulia kwa majivuno mvinyo mweupe wa zabibu za Chardonnay, wa asilimia 14, uliolala katika pipa la mwaloni. Shemeji yangu alionja, akaweka glasi chini taratibu, akasema, "Shemeji, huyu pweza hana kosa, kinachoniunguza ni hiki cha kwenye glasi." Alikuwa sahihi kabisa.

Jambo la pili la kutazama ni utamu. Mvinyo ulioandikwa kuwa mkavu, kwa lebo nyingi neno lake ni "dry", hauna sukari inayosikika. Kwa kawaida katika kanuni za Umoja wa Ulaya haizidi gramu 4 kwa lita, na ule wa nusu mkavu hufika gramu 12. Utamu kidogo huo wa nusu mkavu ndio unaotuliza pilipili, kwa hiyo maneno kama "off-dry" na "semi-dry", "demi-sec" kwa chupa za Ufaransa au "halbtrocken" kwa za Ujerumani, yasikutishe. Wapo wanaoamini kwamba mvinyo wenye utamu ni wa wasiojua kunywa. Waache na imani yao, wewe una pilipili ya kushughulikia.

La tatu ni uchachu. Chakula chetu kina ndimu na embe bichi, na mvinyo usio na uchachu wa kutosha ukikutana navyo hupooza na kuonekana hauna ladha. Uchachu hauandikwi kwenye lebo, ila jina la zabibu au la eneo mvinyo unakotoka huudokeza:

Chenin Blanc. Hili ndilo chaguo langu la kwanza, na kwa bahati ndiyo aina ambayo ni rahisi kuipata. Hulimwa kwa wingi Afrika Kusini na hulimwa pia Dodoma kwetu. Ina uchachu wa asili na harufu ya matunda, na hutengenezwa kavu, nusu mkavu na tamu, kwa hiyo usiishie kwenye jina. Soma na lile neno la utamu.

Sauvignon Blanc. Ni kavu, chachu sana, na ina harufu ya majani mabichi inayopatana na kotmiri na ndimu. Hata hivyo haina utamu wa kutuliza ukali, kwa hiyo ukiinunua punguza pilipili ya sufuriani kwa nusu.

Riesling. Ukiletewa na mgeni Riesling ya bonde la Mosel, Ujerumani, ile ya daraja la Kabinett, ambayo mara nyingi ina kilevi cha asilimia 8 au 9 pamoja na utamu kidogo na uchachu mkali, ihifadhi kwa mlo huuhuu hasa.

Vinho Verde. Mvinyo huu wa kaskazini mwa Ureno una kilevi kidogo na mara nyingi una viputo vyepesi. Hufaa sana kwa ngisi.

Chardonnay. Ikiwa lebo inataja pipa au mwaloni, iache. Ladha ya mwaloni ikikutana na pilipili hugeuka uchungu wa ukuni.

*Tahadhari.* Usinunue chupa iliyopangwa dirishani ikipigwa na jua, wala ile ambayo kizibo chake kimetokeza juu, kwa sababu ni ishara kwamba mvinyo ulipata joto ukatanuka. Ukikuta miaka miwili tofauti ya mvinyo uleule wa bei ya kawaida, chukua wa karibuni. Mvinyo mweupe wa aina hii haunufaiki na kukaa.

*Dalili ya mafanikio:* unatoka dukani ukiweza kujibu maswali matatu kuhusu chupa yako: ina kilevi asilimia ngapi, ni kavu au ina utamu, na ina pipa au haina.

## Hatua ya 2: Ilinde chupa mpaka siku yake

Anayeagiza chupa kutoka Dar es Salaam akumbuke kwamba hadi Mtwara ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na buti la basi mchana wa Januari ni tanuri. Mwombe anayekuletea aishike ndani, miguuni pake, imefungwa kwa kanga iliyoloweshwa maji. Nyumbani, iweke chini ya kitanda cha chumba kisichopigwa na jua la jioni. Juu ya friji hapafai, kwa maana joto la mashine hupanda huko mchana na usiku.

## Hatua ya 3: Nenda sokoni asubuhi

Kwa Mtwara mjini, wahi soko la samaki la Feri kabla jua halijapanda. Kamba achaguliwe akiwa na kichwa kilichoshikana na mwili na asiye na harufu ya amonia. Ngisi awe na ngozi yenye madoa yanayong'aa na nyama isiyokuwa ya rangi ya waridi.

Ukali huu wa kuchagua unahusu mvinyo pia. Mvinyo mweupe wenye uchachu huifichua harufu mbaya ya samaki badala ya kuifunika, na harufu ambayo mchuzi wa bizari ungeisitiri itasikika wazi ukishamaliza funda. Ukikosa kamba wazuri, pika ngisi peke yake, au chukua changu.

Ukiwa hapo nunua na barafu. Barafu ya wavuvi inafaa kwa kupozea chupa kutoka nje tu, isikaribie glasi.

## Hatua ya 4: Poza kwa maji, barafu na chumvi

Mvinyo mweupe mwepesi hupendeza ukiwa kati ya nyuzijoto 7 na 10. Chumba chetu cha kaskazi kina nyuzijoto karibu 30, na chupa iliyokaa humo huhitaji saa tatu au zaidi katika friji ya kawaida, kama umeme haukukatika.

Njia ya haraka na ya uhakika ni hii. Jaza ndoo nusu ya barafu, ongeza maji mpaka yafikie shingo ya chupa, kisha mwaga zile konzi mbili za chumvi na ukoroge. Maji ni ya lazima kwa sababu hugusa chupa pande zote, wakati mabonge ya barafu peke yake huacha nafasi za hewa. Na chumvi hushusha joto la maji chini ya kiwango cha kuganda. Izungushe chupa mara kwa mara. Baada ya dakika 20 hadi 25 itakuwa tayari.

*Tahadhari.* Usiitie chupa kwenye friza ukaenda kuoga. Mvinyo ukiganda hutanuka, kizibo huruka au chupa hupasuka, na utatumia jioni yako kuokota vioo katikati ya samaki.

*Dalili ya mafanikio:* chupa ikitolewa na kufutwa, inatokwa na jasho upya ndani ya dakika moja, na harufu ya matunda bado inasikika ukinusa glasi. Usiponusa chochote, imepoa kupita kiasi. Ishike glasi kwa viganja kidogo.

## Hatua ya 5: Pika huku ukiizuia pilipili

Kosa kubwa la jikoni ni kukatakata pilipili ndani ya tui. Kapsaisini haiyeyuki katika maji bali huyeyuka katika mafuta, na tui lina mafuta mengi. Ikishaenea humo hakuna wa kuitoa. Kwa hiyo ukali tunaugawa sehemu mbili, mdogo sufuriani na mkubwa kwenye kibakuli cha pembeni.

1. Andaa pilipili ya pembeni: twanga pilipili kichaa 6 na chumvi kidogo, kamulia ndimu 1. Kila mgeni atajipimia. Ukitaka iwe ya upole, ondoa ule utando mweupe wa ndani, kwa maana humo ndimo kapsaisini inamokaa kwa wingi kuliko kwenye mbegu.

2. Menya embe bichi na ulikate vipande vyembamba. Changanya na kitunguu maji 1 kilichooshwa kwa chumvi, ndimu 1 na nusu ya kotmiri. Usitie sukari. Sukari ndani ya chakula huufanya mvinyo uonekane mchachu na mwembamba, na hapo ndipo wengi walipopata yale "maji ya ndimu."

3. Pika wali mweupe kwa maji na chumvi tu. Wali wa nazi hapa utazidisha uzito, na mlo hautakuwa mwepesi tena.

4. Kaanga kitunguu kilichobaki kwa mafuta mpaka kilainike bila kuwa kahawia. Tia saumu, tangawizi na manjano, geuza dakika moja. Karafuu, mdalasini na iliki viache kabatini. Ni viungo vizuri vya pilau, ila harufu yao hufunika harufu ya mvinyo mweupe.

5. Mimina tui la pili, tia chumvi, na uitumbukize pilipili mbuzi ikiwa nzima, imechanjwa mara moja tu. Acha lichemke taratibu dakika 10 huku ukionja. Ukali ukifika pale ambapo ulimi unaamka lakini midomo haiwaki, itoe pilipili.

6. Tia kamba, hesabu dakika 2, kisha ngisi aliyekatwa pete, dakika 2 nyingine. Ngisi ana njia mbili tu: aidha upesi sana au polepole zaidi ya nusu saa. Katikati ya hapo ni mpira wa kandambili.

7. Punguza moto, mimina tui zito, koroga upande mmoja, na usiliache litokote kwa nguvu lisije likakatika. Likishapata moto, epua.

8. Ndimu 1 ikamuliwe baada ya kuepua. Ikichemka huleta uchungu, na uchungu huo utausikia kwenye mvinyo kabla ya kuusikia kwenye mchuzi. Nyunyiza kotmiri iliyobaki.

*Dalili ya mafanikio:* kamba wamekuwa wekundu na wamejikunja nusu duara, ngisi ni mweupe na laini, na mchuzi unapita kwenye kijiko kama maziwa, si kama uji.

## Hatua ya 6: Onja viwili pamoja kabla wageni hawajaketi

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu. Fungua chupa robo saa kabla, mimina funda mbili kwa glasi yako, na uonje kwa utaratibu: mvinyo peke yake, kisha mchuzi pamoja na kipande cha kamba, kisha mvinyo tena kabla ulimi haujasahau. Linganisha funda la kwanza na la pili. Tofauti kati yao ndiyo itakayokuambia cha kurekebisha.

Funda la pili limekuwa chungu. Kamba wana ladha nzito ya asili inayouamsha uchungu wa mvinyo. Ongeza chumvi kidogo na matone ya ndimu kwenye mchuzi, kwa kuwa chumvi na uchachu wa chakula huulainisha mvinyo. Onja tena. Katika kurekebisha kote, hili ndilo linalofanikiwa mara nyingi, na wengi hawaliamini mpaka wajaribu.

Funda la pili linachoma koo. Kilevi na pilipili vimekutana. Ongeza tui zito vijiko vitatu au vinne, na upooze chupa nyuzi mbili zaidi. Ikiwa bado, kibakuli cha pilipili kibaki jikoni usiku huo.

Funda la pili limekuwa chachu na jembamba. Mvinyo wako ni mkavu, na utamu wa asili wa nazi au wa vitunguu umeuzidi. Usitie sukari kujaribu kusawazisha. Ongeza ndimu kwenye chakula mpaka uchachu wa sahani ufikie wa glasi. Ulimi ukishazoea uchachu wa chakula, mvinyo huonekana umelainika.

Funda la pili limepooza, halina ladha. Hapa ni kinyume: chakula ni kichachu kuliko mvinyo. Punguza embe kwenye kachumbari, ongeza kitunguu, na usikamulie ndimu zaidi.

Funda la pili ni tamu kama sharubati. Chupa yako ina sukari nyingi. Huu ni wakati pekee ambao nakushauri uongeze pilipili. Ukali unaushusha utamu, na vyote viwili hunufaika.

Rekebisha jambo moja kwa mara moja, na unywe maji kidogo kati ya kuonja na kuonja. Anayetia chumvi, ndimu na tui kwa pamoja hatajua ni kipi kilichosaidia.

*Dalili ya mafanikio:* baada ya funda la pili unasikia tunda la mvinyo, kisha joto dogo la pilipili linarudi nyuma, na mkono unakwenda kwenye sahani wenyewe.

## Hatua ya 7: Mezani

Anza na korosho zilizokaangwa na kutiwa chumvi. Chumvi na mafuta yake huandaa ulimi, na kama mvinyo wako ni mkavu, wageni watauona wa upole kuanzia funda la kwanza.

Mimina kidogo, mililita 100 hivi, na urudie. Glasi iliyojazwa hupata joto barazani kabla haijafika nusu, na mvinyo uliopata joto husukuma harufu ya kilevi mbele, ndipo pilipili inapoamka upya. Chupa irudi ndooni kila baada ya kumimina, na glasi ishikwe kwenye mguu wake.

Swali la barafu ndani ya glasi huulizwa kila mara. Kwa mvinyo mkavu sishauri, kwa kuwa maji huuvunja upesi. Kwa mvinyo wa nusu mtamu, usiku ambao umeme umekatika na barafu ya ndoo imekwisha, kipande kimoja cha barafu safi ya maji ya kunywa ni kosa dogo kuliko mvinyo wa vuguvugu, na mimi mwenyewe nimelitenda zaidi ya mara moja.

Waeleze wageni kuhusu kibakuli cha pilipili kabla hawajajipakulia: waonje kwanza bila hiyo, kisha waongeze kwa ncha ya kijiko. Aliyeungua apewe wali na tui, si mvinyo wala maji.

## Kilichobaki

Funga chupa kwa kizibo chake, irudishe kwenye friji ikiwa imesimama, na uimalize ndani ya siku tatu. Siku ya nne utakuta tunda limekufa na uchachu umebaki peke yake. Usiuweke mezani tena, ila nusu kikombe chake kikimwagwa kwenye kikaango chenye saumu na moto mkali, kikaachwa kikauke kabla ya ngisi kuingia, kitachukua nafasi ya ndimu.